Akifa Mmoja Wetu Usiku wa Leo, Nani Atafanya Nini?



Shukrani zote njema zamstahikia Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu mpenzi msomaji, maneno haya niliyasema kwa mdomo mbele ya vijana wenzangu na wazazi wetu hapa Mulot, baada ya futari. Ndugu wa jarida wakaniomba niyaandike ili na wewe uliyeko mbali yakufikie. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka. Ukiona nazungumza kama niliyesimama mbele yako, niwie radhi.

Mada yangu si ya kufurahisha. Nilipoitaja kuna mzee aliniambia, "Ramadhani ni mwezi wa rehema, wewe watuletea habari za makaburi?" Nikamjibu kwa adabu kwamba mwaka jana tulifunga na watu ambao mwaka huu hatuko nao. Suratul Aal-Imran aya ya 185 imetukumbusha kuwa hakuna nafsi itakayokosa kuyaonja mauti. Basi swali langu ni moja tu. Akifa mmoja wetu usiku wa leo, nani atafanya nini?

Huko Mombasa au Lamu swali hili halina uzito. Mtu akifa, tangazo latoka msikitini, waoshaji wajulikana, makaburi yako, na kufika alasiri watu wamerudi nyumbani. Sisi huku hali ni nyingine. Mulot ni mji wa mpakani, upande huu Bomet, upande wa pili Narok, na mto Amala hauko mbali. Waislamu ni wachache. Wengine ni wafanyabiashara, wengine wazazi wao waliletwa na kazi ya chai Kericho na Bomet, na wengine, kama babu yangu, ni Wakipsigis waliosilimu peke yao katika ukoo mzima. Kwa hiyo akifa Mwislamu huku, nusu ya watu wanaomlilia hawajui janaza ni nini. Na nusu nyingine, tuseme ukweli, wanajua kidogo tu.

YALIYOTUPATA

Babu yangu alifariki nyumbani, Jumatano usiku, baada ya Isha. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni. Alisilimu akiwa kijana, wakati akiendesha lori. Baba yangu akamfuata, lakini nyanya na baba mkubwa walibaki katika kanisa lao, na babu hakuwahi kugombana nao kwa hilo.

Usiku huo huo wazee wa kokwet wakafika. Baba mkubwa, ambaye ndiye mtoto wa kwanza, akatoa mpango wake. Maiti ipelekwe mochwari, kamati iundwe, michango ianze kutumwa kwa simu, na mazishi yawe Jumamosi ya wiki inayofuata ili watoto wa Nairobi na Trans Mara wapate kufika. Pia shangazi, anayefanya kazi Qatar, aombe ruhusa. Kwa desturi ya huku hakusema jambo baya. Ndivyo watu wanavyoheshimiana.

Baba yangu alinyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilisimama mbele ya wazee, kijana wa miaka ishirini na mmoja, nikaanza kumwaga hadithi na aya. Nikasema mpango huo haukubaliki. Nikamalizia kwa neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza: "Hii si dini yenu, mtuachie wenyewe."

Baba mkubwa akanitazama. Akasema, "Wewe mtoto, huyu alikuwa baba yangu kabla hajakuwa babu yako." Akatoka nje.

Ndugu msomaji, hukumu niliyoitaja ilikuwa sahihi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tuharakishe janaza. Lakini usahihi wangu ulimfukuza mtu kwenye matanga ya baba yake. Kama mambo yangeishia hapo, huenda babu angelala mochwari siku kumi kwa sababu ya ulimi wangu mimi niliyesoma madrasa.

Aliyetuokoa ni nyanya. Alimtuma mtu amrudishe baba mkubwa, kisha akasema mbele ya wote: "Mzee aliniambia mara mbili. Alisema nikifa msinilaze kwa friji. Nizikeni vile watu wa msikiti huzikana, na mnizike kwa shamba langu." Baba mkubwa akainamisha kichwa. Akasema kama mzee mwenyewe alisema hivyo, yeye amenyamaza.

Tazama basi. Hakuna aya yangu hata moja iliyomaliza ule ugomvi. Uliomalizwa na wasia wa marehemu, tena wasia wa mdomo, na bahati kwamba aliyeusikia alikuwa hai na alikuwa mkweli.

JAMBO LA KWANZA: WASIA

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwislamu mwenye jambo la kuusia hafai kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Sisi twadhani wasia ni wa matajiri wenye maploti. La! Andika unataka kuzikwa vipi, wapi, nani akuoshe, nani unamdai na nani anakudai. Mweleze mtu mmoja Mwislamu na mtu mmoja wa ukoo asiye Mwislamu. Huyo wa pili ndiye watu watakayemsikiliza.

Wakenya twakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wakavutana mahakamani azikwe wapi. Akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Miezi mitano mtu hajalazwa kaburini! Mjane alisema marehemu alitaka jambo moja, ukoo ukasema jingine, na karatasi haikuwepo ya kuwaamua.

Na tusidhani kuharakisha na kurahisisha ni jambo geni litakalowashangaza majirani zetu. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 na akazikwa Siaya tarehe 21, kwa kuwa aliusia azikwe ndani ya saa 72 na bila sanduku. Raila Odinga alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025, familia ikaeleza kuwa naye alitaka azikwe ndani ya saa 72, na tarehe 19 akawa amezikwa Bondo. Hao walikuwa Wakristo. Kwa upande wetu, Seneta Yusuf Haji wa Garissa alifariki asubuhi ya tarehe 15 Februari 2021 na siku hiyo hiyo akazikwa Nairobi, katika makaburi ya Waislamu ya Lang'ata. Ukiwaeleza watu kwa mifano wanayoijua, wataelewa haraka kuliko ukiwapigia kelele.

JAMBO LA PILI: KARATASI

Wengine wakisikia kuharakisha, wanadhani ni kuzika tu bila kumwambia mtu. Hapana. Sheria ya Kenya yataka kifo kiandikishwe na kibali cha mazishi kitolewe. Mtu akifia hospitalini, hospitali ndiyo yenye kuandika. Akifia nyumbani, mwendee naibu chifu wa mahali alipofia. Hapa Mulot ni muhimu kujua nyumba yenu iko upande wa Bomet au wa Narok, usije ukaamshwa alfajiri ukaenda kwa chifu asiye wenu. Beba kitambulisho cha marehemu. Kama kifo ni cha ajali, au cha ghafla chenye shaka, polisi lazima wajulishwe kwanza, na hapo kuchelewa si dhambi yenu. Kibali kihifadhiwe vizuri kwa kuwa baadaye mtahitaji cheti cha kifo kwa mambo ya mirathi.

Kijana mmoja apewe kazi hii peke yake. Asiitwe kuteka maji wala kupokea wageni.

JAMBO LA TATU: KUMWANDAA MAITI

Mtu akiwa katika sakarati, mkumbushe Laa ilaaha illa Llah kwa upole, bila kumkera. Roho ikitoka, mfumbe macho, mfunge taya kwa kitambaa, viungo vilainishwe kabla havijakakamaa, na afunikwe. Waliopo waseme kheri tu.

Kuosha ni faradhi ya kutosheleza. Wakifanya wachache, wengine wamesalimika. Wasipofanya, sote tuna dhambi. Mwanamume huoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, na mke na mume wanaweza kuoshana. Uchi hufunikwa toka kitovuni hadi magotini, na muoshaji huvaa kitambaa au glovu mkononi. Tumbo hukandwa polepole, najisi ikaondolewa, kisha viungo vya udhu, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mara ya mwisho maji hutiwa kafuri. Idadi iwe witiri, tatu au tano au zaidi ikihitajika. Na ulichokiona kwenye mwili wa ndugu yako, kizike naye. Usitoke ukasimulie.

Sanda ni nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, nyeupe, zisizo za fahari. Mita 12 za bafta zinamtosha mtu mzima. Sisi usiku ule hatukuwa na bafta. Tulimgongea mwenye duka saa nne usiku. Alhamdulillahi alikuwa nayo, na hakutaka hata senti. Lakini je, kama asingekuwepo?

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni sanduku moja msikitini. Ndani yake tuweke bafta, pamba, kafuri, sabuni, udi, glovu, mkasi, taulo, shuka ya kusitiri na majani makavu ya mkunazi. Sadaka ya Ramadhani hii yatosha kulijaza.

JAMBO LA NNE: MANENO YASIYOELEWEKA

Hapa nitawachekesha kidogo. Alhamisi asubuhi ustadhi wetu, ambaye asili yake ni pwani, alimwambia baba mkubwa, "Mzee, jeneza liko tayari?" Kwa watu wa pwani jeneza ni kile kitanda cha kubebea maiti. Kwetu huku jeneza ni sanduku la kuzikia. Baba mkubwa akajua ni kazi yake kama mtoto wa kwanza. Akapanda pikipiki mpaka kwa fundi, akachagua sanduku zuri la mbao, akatoa malipo ya kwanza. Alipopiga simu kuuliza kama apambe kwa kitambaa cheupe ndipo tukajua.

Watu walicheka, hata yeye mwenyewe alicheka. Lakini fikiria tena. Mtu alitoa pesa zake kumheshimu baba yake, tukamwambia heshima yake haitakiwi. Baba yangu akazungumza naye pembeni, na pesa aliyorudishiwa na fundi wakanunulia mchele wa wageni. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Usimwambie mtu tu "hatufanyi hivyo". Mpe cha kufanya badala yake.

JAMBO LA TANO: KABURI

Vijana wa jirani walikuja na majembe mapema, bila kuitwa. Wakachimba kwa moyo mmoja, kwa kufuata mteremko wa shamba. Saa saba mchana tukaenda kuangalia, na kaburi limelala kutoka kusini kwenda kaskazini. Huku kwetu kibla kiko kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Maana yake kaburi lilale mashariki na magharibi, kichwa cha maiti kiwe mashariki na miguu magharibi, ili akilazwa kwa ubavu wa kulia uso uelekee kibla. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa letu, hakuna hata mmoja wetu aliyesimama pale asubuhi.

Ikabidi kuchimbwa jingine. Ardhi ina mawe. Mtume (S.A.W.) amekataza kuzika jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapokaribia kuzama, na sisi tulishapanga kuzika baada ya Alasiri. Tukaanza kuhesabu dakika. Ndipo nikamwona baba mkubwa, mwenye suti ya kanisani, akivua koti, akaning'iniza kwenye uzio, akaingia shimoni. Yeye ndiye aliyechonga mwanandani. Alikuwa akiuliza, "Hivi? Ndani zaidi?" na ustadhi anamwelekeza. Mimi nilikuwa juu naondoa udongo. Hatukusemezana.

Babu akaswaliwa uani kwake. Swala ya janaza ni kusimama tu, haina rukuu wala sijida. Takbira ya kwanza ni Fatiha, ya pili kumswalia Mtume, ya tatu kumwombea maiti, ya nne kuwaombea wote, kisha salamu. Imamu husimama usawa wa kichwa cha mwanamume, na usawa wa kiuno cha mwanamke. Kabla ya kuanza, ustadhi aliwaeleza majirani kwa dakika mbili nini kitafanyika, wapi wasimame, na kwamba hakutakuwa na hotuba wala picha. Watu mia na zaidi wasio Waislamu walitulia kimya. Tulipomaliza kufukia, jua lilikuwa bado liko juu ya miti. Alhamdulillahi.

Usisahau thawabu yake. Mwenye kuihudhuria janaza mpaka ikaswaliwa ana qirati moja, na akibaki mpaka ikazikwa ana mbili, na Mtume (S.A.W.) amezifananisha na milima miwili mikubwa. Vijana wetu wengi huswali kisha wakaondoka na simu mkononi. Mlima mmoja wameuacha pale pale.

JAMBO LA SITA: WAFIWA NA MATANGA

Kulia si haramu. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mayowe na kujipiga. Kuhusu wanawake kufuata jeneza, Ummu Atiyya amesimulia kuwa walikatazwa lakini bila kukazaniwa. Basi tuwe na upole. Nyanya alimuaga mumewe nyumbani baada ya kuvishwa sanda, kisha akasimama mbali kidogo penye mahindi akatazama. Hakuna aliyemfukuza.

Chakula ni haki ya wafiwa kupikiwa, si wao kupika. Alipouawa Ja'far katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa Ja'far watengenezewe chakula kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Leo sisi twamchinjia mgeni ng'ombe wa yatima, na mjane anabaki na deni la sufuria. Wenzangu, haya ni makosa. Muda wa kuweka huzuni ni siku tatu. Mjane Mwislamu yeye ana eda ya miezi minne na siku kumi, nasi ni wajibu wetu kumtazama muda wote huo, siyo wiki ya kwanza tu.

Madeni nayo yaulizwe mapema. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiletewa maiti huuliza kama ana deni, na mara moja alijizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipobeba dinari mbili za marehemu. Sisi tulitangaza pale pale kaburini, na watu wawili wakajitokeza.

Wazee rika la babu walitaka kumsifu kama ilivyo desturi. Tukawaomba waje nyumbani baada ya mazishi. Wakaketi mpaka usiku wakinywa chai na mursik, wakisimulia safari za lori. Mimi niliyesema "si dini yenu" nikawa nasikia habari za babu ambazo sikuwahi kuzijua.

YALIYOBAKI

Sitaki udhani kila kitu kilimalizika vizuri. Shangazi aliyeko Qatar hakufika. Alimwona baba yake kwenye simu, dakika tatu, mtandao ukikatika. Aliniambia akilia, "Hamkunisubiri." Nilitaka kumweleza hukumu. Safari hii nilinyamaza, nikamwacha alie. Mpaka leo akipiga simu hataji jambo hilo, nami sijui kama ametusamehe. Kuharakisha janaza kuna bei, na mara nyingine anayeilipa ni yule aliye mbali. Tusijifanye hatumwoni. Tumpigie, tumwombee, tumpeleke kaburini siku akija.

Baba mkubwa nilimwendea siku ya kumi. Nilimwambia, "Baba mkubwa, nilikukosea mbele ya watu, na nimekuja mbele yako." Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Kaburi lile nililichimba vizuri?" Nikamwambia vizuri sana. Akasema, "Basi kula."

Ndugu msomaji, nakuomba mambo matatu kabla ya Idi. Andika wasia wako, hata ukurasa mmoja. Changia lile sanduku la msikitini. Na mwendee mmoja katika jamaa zako asiye Mwislamu, mkiwa wazima nyote na hamna msiba, umweleze kwa upole ungependa uzikwe vipi. Mweleze pia kazi atakayokuwa nayo siku hiyo, awe na mahali pa kusimama.

Wangu mimi nimeuandika. Nakala moja iko kwa baba, nyingine iko kwa baba mkubwa.

Allah (S.W.T.) awarehemu waliotutangulia, azifanye pana kaburi zao, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.